“Killed” katikati ya kujenga Bitcoin: jibu kwa msomaji wa Mwanga, Kigoma

Swali: Shikamoo kaka. Niko Mwanga hapa Kigoma, natengeneza simu, na nina laptopu ya RAM GB 4 yenye Ubuntu 22.04. Nataka kujenga Bitcoin Core (programu ya kuendesha Bitcoin kwenye kompyuta) mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo na kuiendesha kwa terminali. Kila nikijaribu inakwenda kitambo, halafu inaandika “Killed” na kusimama. Kuna jamaa mjini anauza programu hiyohiyo kwenye flashi, imeshajengwa, anasema ina mtambo wa kuchimba ndani, yaani wa kujipatia sarafu mpya. Ninunue? Na nikiweka prune, ule mpangilio wa kutunza data kidogo tu kwenye diski, hotspoti ya simu itatosha?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Flashi usinunue, nitakueleza kwa nini. Kujenga unaweza, kwa laptopu hiyohiyo. Ila kuiunganisha na mtandao halisi wa Bitcoin kwa hotspoti, pale umeme unapokatika ovyo, ndipo ninapokukataza, na hapo prune haikusaidii kama unavyodhani.

Tuanze na hiyo “Killed”. Ukirudi juu kidogo kwenye terminali utakuta mstari kama huu:

g++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus

cc1plus ndiye kompaila mwenyewe wa C++, anayegeuza msimbo kuwa programu. Hakuna kosa kwenye msimbo. Kumbukumbu ilijaa, na Linux ikachagua mchakato mkubwa kuliko yote ikauua ili mashine isigande. Ukitaka ushahidi, andika `sudo dmesg | grep -i killed` na utaona jina la cc1plus limetajwa pale. Nina hakika uliandika `-j4` kama maelekezo mengi ya mtandaoni yanavyosema. Maana yake ni kompaila wanne kwa mpigo. Mradi wenyewe unapendekeza angalau GB 1.5 ya kumbukumbu iliyo wazi wakati wa kujenga, na wewe una GB 4 ambazo tayari Ubuntu na Firefox wamekaa humo.

Kwanza ongeza swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa. Ubuntu huenda imeshakuwekea faili la `/swapfile`, kwa hiyo tumia jina jingine usije ukalivuruga:

sudo fallocate -l 4G /swapfile2
sudo chmod 600 /swapfile2
sudo mkswap /swapfile2
sudo swapon /swapfile2

Kisha funga Firefox. Ikibidi toka kabisa kwenye mazingira ya madirisha kwa Log Out, halafu bonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja, uingie kwenye skrini ya maandishi matupu kabla ya kuanza kujenga. Vitu vinavyotakiwa kuwepo ni hivi:

sudo apt install build-essential cmake pkgconf python3 libevent-dev libboost-dev libsqlite3-dev

Angalizo hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Maelekezo ya zamani yanaanza na `./autogen.sh`, yanafuata `./configure`, mwisho `make`. Tangu toleo la 29.0 la Aprili 2025 njia hiyo imeondolewa, sasa ni CMake. Ukikutana na makala inayokuambia uanze na `autogen.sh`, ujue ni ya matoleo ya nyuma. Ubuntu yako ya 22.04 inafaa, kwa kuwa toleo la 29 linataka GCC 11.1 na CMake 3.22 kwenda juu, na vyote unavyo. Mwenye 20.04 angekwama.

Ingia kwenye folda ya msimbo, uandike:

cmake -B build -DBUILD_TESTS=OFF -DCMAKE_CXX_FLAGS="--param ggc-min-expand=1 --param ggc-min-heapsize=32768"
cmake --build build -j1
cmake --install build --prefix ~/bitcoin

Hizo `ggc` zinamwambia kompaila asafishe kumbukumbu yake mara kwa mara badala ya kuilimbikiza. Atakuwa mzito, lakini atafika. `BUILD_TESTS=OFF` inaacha kujenga programu ya majaribio ya ndani, ambayo ina mafaili mengi sana na wewe huihitaji leo. `-j1` ni kompaila mmoja tu. Ikisimama tena, au umeme ukiondoka na betri ikaisha, usifute folda. Rudia mstari wa pili na kazi itaendelea palipoishia. Itachukua saa kadhaa, kwa hiyo iache ijenge huku unabadilisha vioo vya simu za watu.

Ukimaliza, programu zako ziko `~/bitcoin/bin`. Zinazokuhusu ni mbili: `bitcoind`, ambayo ndiyo nodi yenyewe (inayotunza na kukagua rekodi za Bitcoin) na hukaa nyuma ikifanya kazi kimya, na `bitcoin-cli`, ambayo ndiyo mdomo wako wa kuongea nayo. Ongeza njia hiyo ili terminali izipate:

export PATH="$HOME/bitcoin/bin:$PATH"

Sasa flashi. Programu inayoshika funguo za siri za pesa, uliyoipata kwa mtu usiyeweza kukagua alichofanya, ni mlango wa mwizi. Kubadilisha Bitcoin Core ili ipeleke funguo zako kwa mtu mwingine ni kazi ndogo kwa anayejua, na wewe ungeendelea kuona kila kitu kinafanya kazi vizuri hadi siku utakapoweka pesa ya maana. Kuhusu “mtambo wa kuchimba ndani”, hilo peke yake lingetosha kukufukuza. Bitcoin Core iliondoa mchimbaji wa ndani tangu toleo la 0.13 mwaka 2016. Anayekuuzia Bitcoin Core yenye mchimbaji anakuuzia kitu kingine.

Msimbo nao usiupokee kwa imani. Chukua kutoka bitcoincore.org mafaili matatu: `bitcoin-29.0.tar.gz` (au toleo jipya zaidi utakalolikuta, ukisoma maelekezo yake ya ujenzi), `SHA256SUMS` na `SHA256SUMS.asc`. Faili la msimbo halifiki MB 50, bando halitalia. Halafu:

sha256sum --ignore-missing --check SHA256SUMS
gpg --verify SHA256SUMS.asc SHA256SUMS

Ya kwanza lazima ijibu OK mbele ya jina la faili. Ya pili inakagua sahihi za wajenzi mbalimbali ambao kila mmoja amejenga toleo hilo kwake na kutia sahihi. Funguo zao za hadharani ziko kwenye hazina ya msimbo inayoitwa guix.sigs, utaziingiza kwanza kwa `gpg --import`. Unachotafuta ni “Good signature” kutoka kwa watu kadhaa. Chini yake gpg itaonya kwamba ufunguo haujathibitishwa na mtu unayemwamini. Onyo hilo ni la kawaida, maana yake wewe mwenyewe hujamtambulisha mtu huyo kwa gpg yako. “BAD signature” ndiyo ya kukufanya ufute faili papo hapo.

Na nikuambie ukweli ambao wapenzi wa terminali hawapendi kuusikia: kwa usalama peke yake, huna sababu ya kujenga mwenyewe. Programu iliyojengwa tayari pale bitcoincore.org imejengwa na watu wengi kwa mfumo wa Guix, wote wakapata faili lilelile biti kwa biti, na unaikagua kwa sahihi zilezile. Kujenga mwenyewe kuna maana ukitaka kuelewa, kurekebisha, au kuijua kazi hii kama fundi. Wewe ni fundi, kwa hiyo endelea.

Baada ya kujenga watu wengi hukimbilia mtandao halisi. Wewe nenda kwanza regtest. Ni mtandao wa Bitcoin unaoishi ndani ya laptopu yako peke yake. Hauhitaji bando hata MB moja, sarafu zake hazina thamani yoyote, na kanuni za miamala ni zilezile. Tengeneza faili `~/.bitcoin/bitcoin.conf` lenye mistari hii miwili:

[regtest]
fallbackfee=0.0002

Bila huo wa pili, muamala wako wa kwanza utakataliwa, kwa sababu programu hukadiria makato kwa kuangalia miamala ya wengine, na kwenye regtest hakuna wengine. Kisha:

bitcoind -regtest -daemon
bitcoin-cli -regtest createwallet "duka"
bitcoin-cli -regtest -rpcwallet=duka getnewaddress

Utapata anwani inayoanza na `bcrt1`. Izoee tofauti hii: kwenye mtandao halisi ni `bc1`, kwenye mitandao ya majaribio ni `tb1`. Sasa chimba bloku moja, yaani kifurushi cha miamala, kwenda kwenye anwani hiyo na uulize salio:

bitcoin-cli -regtest generatetoaddress 1 bcrt1...
bitcoin-cli -regtest -rpcwallet=duka getbalance

Jibu litakuwa 0.00000000, na hapo vijana wengi huanza kufuta na kujenga upya. Usifute. Andika `getbalances`, yenye s mwishoni, utaona 50 zimekaa kwenye mstari wa `immature`. Sarafu za mchimbaji haziruhusiwi kutumika mpaka bloku nyingine 100 zijengwe juu yake, kwa sababu mnyororo wa bloku ukigeuka na bloku ile ikatupwa, sarafu zile zinatoweka, pamoja na kila muamala uliotokana nazo. Chimba nyingine 100 na salio litasoma 50.00000000.

Fungua pochi ya pili, iite “mteja”. Kuanzia hapo kila amri inayogusa pochi lazima itaje ipi, kwa `-rpcwallet=`, la sivyo programu itagoma ikisema hujataja pochi. Toa anwani kwenye pochi ya mteja, halafu kutoka duka tuma 1.5 kwa `sendtoaddress`. Uliza salio la mteja: sifuri. Muamala uko kwenye foleni, unauona kwa `getrawmempool`, ila hakuna anayechimba isipokuwa wewe. Chimba bloku moja kwenda duka na mteja anapata 1.5 yake. Angalia pia salio la duka, litakuchekesha: umetuma pesa, lakini salio limepanda hadi karibu 98.5. Ni kwa sababu bloku ya 102 imeikomaza ile ya pili, na 50 zake zimeingia.

Sasa fanya hili, ndilo ninalotaka ulione kwa macho yako:

bitcoin-cli -regtest invalidateblock $(bitcoin-cli -regtest getbestblockhash)

Umeiambia nodi kwamba bloku ya mwisho ni batili. Uliza tena salio la mteja: limerudi sifuri. Muamala umerudi kwenye foleni, na kwenye `getbalances` ya mteja ile 1.5 imehamia mstari wa `untrusted_pending`. Fikiria wewe ni mteja huyo, umeuza simu ya laki nne hapo Mwanga, mnunuzi amekuonyesha muamala umeingia, umempa simu na ameshapanda bodaboda ya Ujiji. Kwenye mitandao ya simu ukipata meseji ya salio unaamini yamekwisha. Huku muamala wenye bloku sifuri juu yake ni ahadi, wenye bloku moja una nafuu, na desturi ya miaka mingi ni kusubiri sita kwa kiasi kikubwa, yaani takriban saa moja. Irudishe bloku kwa `reconsiderblock` ukifuatisha heshi yake (namba yake ya utambulisho), na cheza hivyo mpaka vidole vizoee. Mwisho wa kazi funga kwa `bitcoin-cli -regtest stop`. Isikupite hiyo `stop`, ina kazi kubwa huko mbele.

Mambo mawili ya usalama ya terminali, haraka. Terminali inakumbuka kila unachoandika. Ukiandika nywila ya pochi ndani ya amri, imebaki kwenye `~/.bash_history` kwa yeyote atakayeshika laptopu. Kuweka nywila tumia `bitcoin-cli -stdin encryptwallet`, uandike nywila, ubonyeze Enter kisha Ctrl na D. Kufungua pochi tumia `bitcoin-cli -stdinwalletpassphrase walletpassphrase 60`. Pili, kuna makala zinazokuelekeza uweke `rpcallowip=0.0.0.0/0` ili uifikie nodi ukiwa popote. Usithubutu. `bitcoin-cli` kwenye mashine hiyohiyo inajitambulisha yenyewe kwa faili la `.cookie`, huhitaji kufungua mlango wowote.

Na kama umezoea pochi za simu zenye maneno 12, humu hayamo. Nakala ya akiba unaitoa kwa `backupwallet`, na faili hilo unalitunza nje ya laptopu. Pochi isiyo na nakala, siku laptopu ikilowa, imekwisha.

Kuchimba kwa kweli ili ulipie bando? Laptopu yako tuipe heshima tuseme inapiga heshi, yaani majaribio ya kuchimba, milioni 20 kwa sekunde. Mtandao wote unapiga mamia ya kwintilioni, yaani mamia ya milioni milioni milioni kwa sekunde. Hata tukiuchukulia kuwa 500 tu, wastani wa kusubiri bloku yako moja ni kama miaka milioni 475. Malipo ya bloku nayo tangu Aprili 2024 ni 3.125. Umeme utakaounguza hauna kurudi.

Sheria nayo uijue, kwa sababu ukishaanza kushika sarafu halisi utaulizwa. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba shilingi ndiyo fedha halali na kwamba biashara ya sarafu hizi inakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa na teknolojia hiyo. Halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijiti. Kujenga programu na kucheza regtest hakuhusiani na hayo. Kununulia na kuuzia watu sarafu pale kibandani kwako kunahusiana, na hapo muone mwanasheria au ofisi ya TRA kabla hujaweka bango.

Nimeacha prune mwisho kwa makusudi. Ulisoma kwamba `prune=550` inaifanya nodi ikae na MB 550 tu za bloku, ukaona bando litatosha. Hizo ni MB za kuhifadhi. Za kupakua ni zilezile: nodi lazima ipakue na kukagua kila bloku tangu ile ya kwanza ya tarehe 3 Januari 2009, zaidi ya GB 600, halafu ndiyo itupe za zamani. Piga hesabu kwa bei ya bando unalonunua.

Baya zaidi ni umeme. Nodi ina kitabu cha sarafu zote ambazo hazijatumika, kiko kwenye folda ya `chainstate`, na mabadiliko yake mapya hukaa kwanza kwenye RAM kabla ya kuandikwa kwenye diski. Laptopu ikizima ghafla katikati ya kuandika, kitabu kinaweza kuharibika. Mwenye bloku zote hukitengeneza upya kwa `-reindex-chainstate`, ni siku za kazi ya diski, ila bando haliguswi. Mwenye prune hana njia hiyo, programu itamkatalia: bloku za zamani ameshazitupa, na dawa pekee ni `-reindex`, yaani kupakua tena tangu 2009. Umefika asilimia 90, umeme umeondoka na betri yako ya laptopu ni ya dakika kumi, unaanza moja. Ndiyo maana ya ile `stop`: inaandika kila kitu kwenye diski kabla ya kufunga. Kwa betri dhaifu bila UPS, sikushauri prune kwa Kigoma hata kama bando ungepewa bure.

Kama unaitaka nodi kamili kweli, njia ya kwetu ni diski. Tafuta mtu mwenye nodi Dar au Mwanza, mwenye intaneti ya waya, umpe diski ya nje ya TB 1. Azime nodi yake vizuri, anakili folda ya `blocks`, ije na basi au treni. Folda hiyo tu. Asikupe `chainstate`, kwa maana ukiichukua umemwamini yeye hesabu zote za nani ana nini, na asikupe pochi yoyote. Kuanzia toleo la 28, ndani ya `blocks` kuna faili dogo linaloitwa `xor.dat`. Likiachwa, mafaili mengine yanaweza yasisomeke, kwa hiyo mwambie asilisahau. Ukiipokea, weka `datadir` yako, yaani folda ya data ya nodi, kwenye diski hiyo na uanze:

bitcoind -datadir=/media/diski/bitcoin -reindex

Nodi yako itasoma bloku moja moja na kuzikagua yenyewe. Akiwa amekuchezea hata bloku moja, nodi itaikataa na kuomba nyingine kutoka mtandaoni. Kwa diski ya kuzunguka kwenye USB, jiandae kwa siku nyingi, pengine wiki. Baada ya hapo kinachobaki ni bloku mpya, takriban 144 kwa siku, za MB moja hadi mbili hivi kila moja. Weka `blocksonly=1` na `listen=0` kwenye faili la `bitcoin.conf` lililo ndani ya `datadir` hiyo, chini ya `[main]`, ili usipakue miamala ya foleni wala kuhudumia nodi za wengine kwa bando lako. Hapo hotspoti itaimudu, ukiiwasha jioni ikajaza ya mchana kutwa, kisha ukaifunga kwa `stop`.